Mnaiga doso, ujeshi wenyewe mmeuacha

Mhariri,

Kama umenizidi umri shikamoo, kama ni kijana mwenzangu basi za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ni ndefu, mkitaka kupunguza punguzeni pale ninapojisifu ila habari ya maji msiiguse.

Mimi ni kocha wa timu ya mtaa hapa Morogoro, vijana wa miaka kumi na sita mpaka ishirini, kiwanja cha vumbi, mipira mitatu na mmoja umeshonwa. Jumamosi moja mwezi uliopita tulicheza nusu fainali ya kombe la kata, sare moja moja, tukaenda kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti, tukatolewa. Hapo hamna habari, watu hutolewa kila siku. Habari ni kwamba filimbi ya mwisho ilipolia kocha wa wale waliotutoa alinifuata, mtu mzima namheshimu, akanishika bega akasema mwalimu vijana wako laini, wapeleke wakapigwe doso, yale mazoezi ya adhabu ya kijeshi, wiki moja akili zikomae, mimi wangu nimewapeleka. Na kweli nilikuwa nimeshasikia. Ana ndugu yake mjeda mstaafu, vijana wanaamshwa saa tisa usiku, wanagaragazwa kwenye tope, wanaruka kichura mpaka magoti yanavimba, na maji ya kunywa marufuku mpaka zoezi liishe eti ndio ukomandoo wenyewe. Wamefanya hivyo na wameshinda, kwahiyo saa hizi mtaani ndio dawa, mpaka wazazi wawili wamekuja kwangu kuniuliza mbona wewe huwapeleki watoto wetu kwa mjeda.

Sasa msinielewe vibaya, mimi sina ugomvi na jeshi. Nimepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, doso naijua, mchakamchaka wa saa kumi alfajiri naujua, kwata mpaka soli ya buti inaisha naijua, na nakiri nilitoka pale mtu mwingine kabisa. Ninachobishana nacho ni hiki, makocha wengi tukisema tunachukua ugumu wa akili kutoka kwa wanajeshi tunachukua kile kinachoonekana kwa mtu aliyesimama nje ya uzio, yaani kelele, tope na mateso, halafu yale mengine yaliyoko ndani ambayo ndio yanamfanya askari asipaniki risasi zikianza hatuyachukui kwa sababu hayaonekani na wala hayana raha ya kuangalia.

Tuanze na hao ambao kila mtu anawataja, Navy SEALs, makomando wa jeshi la majini la Marekani. Kuna wiki yao kule Coronado, California, wenyewe wanaiita wiki ya jehanamu, inaanza Jumapili jioni mpaka Ijumaa, siku tano na nusu, na usingizi wa wiki nzima ukiujumlisha ni kama saa nne tu. Bahari ya baridi, mchanga mwili mzima, kubeba boti kichwani, kukimbia. Kuna kengele ya shaba, ukishindwa unaenda unaigonga mara tatu unaweka helmeti yako chini kwenye mstari na hakuna anayekuzuia, na wanaoanza kozi wengi sana hawaimalizi. Hiyo ndio sehemu kila mtu kaiona kwenye video na ndio sehemu yule ndugu mstaafu anawapa vijana bila bahari.

Ila ndani ya hiyo hiyo wiki ya jehanamu wanakula milo minne kwa siku. Minne! Kijana wangu mwenyewe nyumbani akipata miwili anashukuru Mungu. Madaktari wapo wanawakagua. Na kubwa zaidi wanafundishwa vitu vinne vya akili kama mtu anavyofundishwa kufunga kamba ya buti: kujiwekea malengo madogo madogo, kulipitia jambo kichwani kabla hujalifanya, kujisemesha vizuri moyoni, na kuutuliza mwili kwa pumzi. Waliopita pale wengi wanasimulia kitu kimoja, anayeiwaza Ijumaa siku ya Jumapili usiku ndio huyo anaenda kugonga kengele, anayebaki ni yule anayesema ngoja nifike chakula cha asubuhi, akifika anasema ngoja nifike cha mchana. Sasa niambie wapi kwenye kuruka kichura kuna somo hilo.

Na hii ya kupeleka timu porini ikateswe haijaanzia kwetu, imeshajaribiwa na watu wenye hela na matokeo yalionekana na dunia nzima. Mwaka 2003 Afrika Kusini waliichukua timu yao ya raga, Springboks, kabla ya Kombe la Dunia kule Australia, wakaipeleka kambi ya porini iliyoitwa Staaldraad, yaani waya wa chuma. Wanaume wazima wachezaji wa taifa wakawekwa uchi kwenye mashimo, wakaingizwa kwenye maji ya baridi wajaze mipira upepo, na bunduki zilikuwepo. Ilikuwa siri, baadae picha zikavuja ikawa aibu ya nchi. Uwanjani je? Waingereza waliwafunga 25 kwa 6 kwenye makundi, halafu robo fainali New Zealand wakawafunga 29 kwa 9 wakarudi nyumbani, na kocha Rudolf Straeuli kazi ikaishia hapo. Sasa chukua Springboks wa 2023 kule Ufaransa. Robo fainali wameshinda 29 kwa 28, nusu fainali 16 kwa 15, fainali 12 kwa 11. Mechi tatu za mtoano zote kwa pointi moja! Kama kuna timu duniani ilikuwa na akili ngumu ni ile, na hakuna aliyewaweka uchi shimoni.

Kuna upande mwingine wa hadithi, nao nauleta ili nisionekane nachagua mifano. Juni 2017 kocha Gareth Southgate aliipeleka timu ya taifa ya Uingereza kwenye kambi ya makomando wa Royal Marines pale Lympstone, Devon. Wakanyang'anywa simu, wakalala kwenye mahema, wakapita kwenye matope. Mtu wa doso akisikia hapo anaruka juu, si unaona! Subiri kwanza. Ilikuwa siku mbili tatu tu, mwaka mzima kabla ya Kombe la Dunia, na Southgate alichokuwa anakitafuta pale ni kuwatoa wachezaji kwenye mazingira waliyoyazoea aone nani anamsaidia nani wakiwa wamechoka. Halafu kazi yenyewe ikafanyika baadae kimya kimya. Uingereza ilikuwa imetolewa kwa matuta Kombe la Dunia la 1990, 1998 na 2006, na Southgate mwenyewe ndiye aliyekosa ile ya Euro 1996 dhidi ya Ujerumani, kwahiyo maumivu alikuwa anayajua kwa jina. Wakaligeuza suala la matuta kuwa kazi ya mazoezi kama kona au faulo. Waligundua wachezaji wao walikuwa na tabia ya kukimbilia kupiga refa akipuliza tu, kama mtu anayetaka aibu iishe haraka, wakafundishwa kutulia, kuvuta pumzi, kupiga wakati wao. Tarehe 3 Julai 2018 Moscow, Colombia wamesawazisha dakika za nyongeza, kwa historia yao ile mechi ilikuwa imeshakufa, wakaingia kwenye matuta, Henderson wa Uingereza akakosa, na bado wakashinda 4 kwa 3. Ya kwanza kushinda kwa matuta kwenye Kombe la Dunia. Na sio uchawi, maana fainali ya Euro walipigwa na Italia kwa matuta hayo hayo Wembley mwaka 2021. Ila 2024 walirudi wakapiga tano zote ndani dhidi ya Uswisi.

Unaona ninapoelekea, Mhariri. Sisi wa Tanzania hili la matuta linatuhusu kuliko tunavyopenda kukumbuka. Aprili 2022 Simba katolewa robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Orlando Pirates kwa matuta. Aprili 2023 Simba tena, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Casablanca, Wydad, matuta. Aprili 2024 Yanga, robo fainali, Pretoria, Mamelodi, sare tasa mechi zote mbili, matuta. Aprili tatu mfululizo! Mimi ni wa upande mmoja hapo na sitasema upi maana wasomaji wako hawana dogo, ila mwaka wa tatu nilijikuta nawaonea huruma mpaka watani. Sisemi walikosa kwa sababu ya akili tu, wale nao ni timu kubwa na ugenini ni ugenini. Lakini kumbuka kesho yake tuliongea nini vijiweni. Bahati mbaya. Mchawi. Refa. Sikumsikia hata mtu mmoja akiuliza hivi hawa vijana wanafundishwa kupumua?

Najua mtu anacheka hapo, kupumua kunafundishwa? Ndio bwana. Askari wa vikosi maalum wanafundishwa hivi: vuta hewa kwa hesabu ya nne, ishikilie kwa nne, itoe kwa nne, kaa bila hewa kwa nne, rudia. Ukiwa na hofu moyo unakimbia, mikono inatetemeka, macho yanaona kitu kimoja tu mbele, na ile misuli midogo midogo inayokusaidia kulenga inagoma. Kwa amri huwezi kuutuliza moyo, jaribu uone, lakini pumzi unaweza kuiamrisha, na ukitoa hewa polepole moyo unaifuata. Ndio maana askari anaweza kulenga akiwa ametoka kukimbia. Na mpiga penalti dakika ya mia ishirini kazi yake ni ile ile, katoka kukimbia na sasa alenge.

Beki wangu wa kushoto ndiye aliyepaisha ile ya Jumamosi. Nilimuuliza Jumatatu, taratibu, peke yetu, ulikuwa unajiambia nini kichwani ukielekea pale? Akasema mwalimu nilikuwa nasema nisipaishe, nisipaishe, nisipaishe. Akapaisha. Mtoto wa watu alikuwa anaurudia mkwaju mbovu kichwani hatua zote hamsini, angefungaje? Huyo ukimpeleka akagaragazwe kwenye tope wiki nzima atarudi anasema nisipaishe akiwa na magoti yamevimba. Anachohitaji ni kuwa na sentensi ya kujiambia kabla hajatoka katikati ya uwanja, chini kulia, chini kulia, basi, na awe ameirudia mara mia tatu kwenye mazoezi mpaka imemchosha.

Kwahiyo sasa tunafanya hivi, na makocha wenzangu wa mtaani kopini bure. Penalti hatupigi mwanzoni miguu ikiwa mizima. Tunapiga mwisho wa mazoezi watu wakiwa hoi. Mpigaji anaanzia mstari wa kati, anatembea peke yake, wenzake wote wanamzomea na kumtukania timu anayoshabikia, kona ameichagua kabla hajaanza kutembea na haruhusiwi kuibadilisha, anaweka mpira, anarudi nyuma, filimbi inalia, HAPIGI, anavuta pumzi moja ndefu, anaitoa, ndio anapiga. Wiki ya kwanza walikuwa wanakufa kwa kicheko. Wiki ya pili kicheko kikapungua. Sasa hivi wanaidai wenyewe.

Na kicheko msikidharau. Royal Marines hao hao wana mambo manne wanayoyaita roho ya komando: ujasiri, kutokata tamaa, kutojipendelea, na la nne ambalo mimi nililipenda kuliko yote, uchangamfu kwenye shida. Yaani mtu anapimwa kama anaweza kuleta utani mvua inapiga na mzigo uko mgongoni na bado maili kibao. Sisi hiyo tunayo tangu zamani bwana! Aliyepita JKT atanielewa, kilichokuwa kinakufikisha sio afande na makelele yake, ni yule mwanzisha nyimbo, kombania nzima imekufa miguu halafu jamaa mmoja sauti mbovu anaanzisha, watu wanaitikia, unashangaa mmeshafika kambini. Tulikuwa na mmoja sitamsahau, mwembamba, buti zimemzidi namba mbili, ukimuangalia unasema huyu kesho anarudi kwao. Ndiye aliyetuvusha wote. Timu yangu sasa ina mwanzisha nyimbo rasmi, ni golikipa wa akiba, nafasi ya kucheza anaipata kwa nadra ila akikosa mazoezi siku hiyo inaenda ovyo, nimeliona kwa macho.

Kingine ambacho hakionekani kutoka nje ya uzio ni kikao cha baada ya kazi. Jeshi la Marekani wanalo hili tangu miaka ya 1970, zoezi likiisha wanakaa chini wanajiuliza, tulipanga nini, kimetokea nini, kwanini vimetofautiana, na kesho tufanye nini. Na hapo cheo kinawekwa pembeni, kuruta anaweza kumwambia mkubwa wake hapa ulikosea. Sisi makocha wa Kibongo hiyo ndio hatuiwezi kabisa, tuseme ukweli. Sisi baada ya kufungwa tunatukana, tunataja majina, tunanuna, tunaondoka na bodaboda. Jumapili nilijaribu, tumekaa chini ya mwembe, maswali manne, nikasema leo hata mimi nisemwe. Kimya. Kimya kirefu. Mwisho yule mdogo kuliko wote, winga, akasema mwalimu samahani lakini yule beki alikuwa na mkazo wa misuli tangu dakika ya themanini na wewe ndio ulimpanga apige ya kwanza. Nilitaka kukasirika nikakumbuka mimi ndiye niliyeanzisha huu mchezo. Na alikuwa sahihi, sikuona, nilikuwa nabishana na refa wa pembeni.

Sasa habari ya maji ambayo niliomba isikatwe. Hao wanajeshi tunaowaiga kwa ukali wao wenyewe wamezika watu kwa ukali huo huo, na wanakiri. Julai 2013 askari watatu wa akiba wa Uingereza walikufa kwenye mchujo wa SAS, kikosi maalum cha jeshi lao, kule milima ya Brecon Beacons, Wales, siku ya joto kali. Watatu, Wales, nchi ya mvua! Februari 2022 kijana wa Marekani alifariki saa chache tu baada ya kuimaliza wiki ya jehanamu, ameimaliza, amefaulu, amekufa. Na hapo kuna madaktari, kuna magari, kuna redio. Sisi kwenye kiwanja cha kata tuna nini? Tuna mimi na kibegi chenye plasta na dawa ya kupuliza ambayo iliisha mwaka jana. Mtoto akidondoka kwa joto la Februari la Morogoro saa tisa alasiri ni bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma mgonjwa katikati. Niliwahi kuona hilo nikiwa mchezaji, kocha wetu wa wakati huo alituambia maji ni kwa wanawake, mwenzetu akaanza kuongea maneno hayaeleweki akakaa chini. Alipona, Mungu mkubwa, ila mpira aliacha siku ile. Kambini JKT hakuna aliyewahi kuninyima maji, na mchakamchaka ulikuwa haudanganyi.

Wale watakaosema huyu anadekeza vijana nawakumbusha mkimbiaji wetu Alphonce Simbu. Mjeda wa JWTZ, jeshi la nchi yetu, gwanda kavaa kweli kweli sio la kukodi. Septemba 2025 Tokyo, marathoni ya mashindano ya dunia, saa mbili dakika tisa sekunde arobaini na nane, joto, na mwisho ndani ya uwanja Mjerumani yuko mbele yake mstari uko pale pale, akamfikia, muda wao ukatoka sawasawa mpaka picha ikaamua, tofauti sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Watu wakasema unaona jeshi hilo. Sawa, lakini hesabuni miaka, tano bora Rio 2016, shaba London 2017, halafu miaka nane ya kukimbia bila medali ya dunia, kila asubuhi, na hakuacha. Hiyo miaka nane ndio jeshi lake, na haina video ya kusambaza.

Nina ombi kwa waandishi wako wa michezo. Klabu zetu zikiingia tena robo fainali ya Afrika, mkienda mazoezini msiulize hali ya kikosi na nani majeruhi tu, ulizeni matuta wanayapiga saa ngapi ya mazoezi, miguu mizima au miguu imechoka, na nani anakaa nao kuongea kuhusu kichwa. Mkijibiwa kwamba hayo ni mambo ya Mungu andikeni hivyo hivyo tusome.

Sisi huku tuna bonanza la Nane Nane. Maji vijana wangu wanakunywa kila robo saa na beki wa kushoto ndiye anayepiga ya kwanza tena, kaomba mwenyewe. Yule kocha mwenzangu nimeshamwalika, na nimemsisitiza aje na ndugu yake mstaafu, maana nataka nimkalishe yule mzee chini ya mwembe nimpe shikamoo yake halafu nimuulize, afande, kipindi chote ulichokuwa kazini, chupa ya maji ulikuwa unaiacha kambini?

Wako,
Kocha wa mtaani, Morogoro